Stesheni ya Pili ya Dar es Salaam



Safari hii nimeombwa niandike habari za historia. Nilifikiri kwanza kuandika juu ya Karatu yetu, lakini wapo wenzangu wanaoijua kuliko mimi. Badala yake nimechagua jengo ambalo karibu kila mmoja wetu aliyefika Dar es Salaam amelipita, akamtajia kondakta jina lake, na pengine asiingie ndani hata siku moja. Jengo hilo ni stesheni ya Tazara.

Sisi watu wa Ganako si watu wa reli. Reli iliyo karibu nasi inaishia Arusha, ilikofika mwaka 1929 ikitokea Moshi. Abiria wa Arusha nao walikaa miaka mingi bila treni mpaka huduma iliporejeshwa Oktoba 2020. Wakati wetu safari yoyote ilianzia kwenye vumbi la barabara ya Makuyuni, na gari lililobeba magunia ya vitunguu vya Mang'ola ndilo lililotubeba na sisi. Katika somo la jiografia tulikariri kwamba kuna reli itokayo Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, tukapata alama zetu, basi. Mimi niliiona treni kwa macho yangu nilipokwisha kuingia Chuo Kikuu.

Dar es Salaam ilikuwa na stesheni yake ya kwanza tangu enzi za Wajerumani. Walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914, na stesheni yao iko pale mjini, karibu na bandari. Mkoloni alikuwa na sababu zake: mali itoke bara ifike melini. Stesheni ya pili ilijengwa na mataifa mawili huru, na sababu yake ilikuwa nyingine kabisa.

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba yake ilipita kwenye reli za Rhodesia na za Wareno ili kufika baharini. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Ian Smith wakajitangazia uhuru wao. Tangu hapo Zambia ilikuwa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake unafunguliwa na adui. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia ziliombwa msaada wa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam, zikajibu kwamba reli hiyo haina faida. Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, Rais Kaunda akafuata mwaka 1967, na tarehe 5 Septemba 1967 mkataba wa nchi tatu ukatiwa sahihi Beijing. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, ulipwe kwa muda wa miaka 30.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mkopo ule haukuwa fedha taslimu peke yake. Sehemu ya gharama za hapa nchini, kama vile mishahara ya vibarua, ilipatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka jinsi bidhaa hizo zilivyojaa. Kwa hiyo hata mwananchi aliyekuwa mbali kabisa na reli, akinunua bidhaa ya Kichina dukani, aliweza kuwa amechangia taruma moja bila kujua. Ni hesabu ya kihasibu inayonipendeza sana.

Jiwe la msingi liliwekwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, mbele ya Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda. Makumi ya maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi ile, wakiwamo vijana wengi wa Jeshi la Kujenga Taifa. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu. Huko kuna mengi ya mahandaki 22 ya reli nzima. Juni 1975 reli ilifika New Kapiri Mposhi, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam, na tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha, na makaburi yao yapo nje kidogo ya mji, Gongo la Mboto.

Stesheni yenyewe imesimama kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, kwenye njia ya kwenda uwanja wa ndege. Ni jengo la zege, pana, lenye ukumbi mkubwa unaomfanya msafiri mmoja ajione mdogo. Lilijengwa kwa ajili ya umati, na siku ya treni umati ulikuja kweli: akina mama na magunia ya mchele wa Kilombero, askari wa likizo, wafanyabiashara wa Tunduma, watoto waliolala juu ya mizigo.

Nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza nyanda za juu kusini, nilipanda treni hapo, daraja la pili, vitanda sita chumba kimoja, wanaume peke yetu. Tulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya ujenzi akiwa kijana wa JKT. Tulipopita Mlimba alianza kuhesabu mahandaki kwa vidole, na kabla ya kila moja alituamuru tufunge dirisha tusimeze moshi. Hakukosea hata moja. Nilikuwa na shahada mfukoni, lakini jiografia ya reli ile nilifundishwa na yeye.

Wapo wasomi wanaosema Tazara lilikuwa kosa, na ushahidi wanao. Mwaka 1977/78 reli ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2. Mwaka 2014/15 haikufikia hata tani laki moja. Sababu ni nyingi. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la mto Chambeshi. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 njia za kusini zikaanza kufunguka, na malori yakazidi kuongezeka barabarani. Juu ya hayo yote, vipuri na matengenezo havikupewa fedha za kutosha.

Mimi nakubaliana na takwimu, ila si na hukumu. Reli hii ilijengwa ili Zambia isipigiwe magoti, na katika miaka ile ya hatari Zambia haikupiga magoti. Tena vijiji vya bonde la Kilombero, ambavyo masika vilikatika na dunia, vilibaki na treni. Kosa ninaloliona mimi ni la baadaye: kuridhika na sherehe tukasahau grisi.

Kuna jambo jingine ambalo wadogo zetu wa hesabu watalipenda. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na Tazara ina milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia na kusini. Kwa tofauti hiyo ya vidole vinne, behewa la stesheni moja haliwezi kwenda stesheni nyingine ya mji uleule. Mizigo huhamishwa Kidatu. Mwaka 2024 reli ya kisasa ya kwenda Morogoro na Dodoma ilipoanza kubeba abiria, ilikuja na milimita 1,435, na sasa jiji moja lina vipimo vitatu.

Oktoba 2012 stesheni ilipata kazi mpya, treni ya abiria wa jijini kwenda Mwakanga, ambayo watu waliibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Mwaka 2018 barabara ya juu ilifunguliwa kwenye njia panda ya jirani, ikapewa jina la Mhandisi Mfugale, lakini makondakta wanaendelea kuita Tazara.

Septemba 2025 serikali mbili zilitia sahihi na kampuni ya China mkataba wa miaka 30 wa kuifufua reli yote, wenye thamani ya dola bilioni 1.4 za Marekani. Safari hii si mkopo usio na riba baina ya serikali; ni kampuni inayotaka kurudisha fedha zake kutokana na mizigo, hasa shaba. Swali langu, ambalo nawaachia wenzangu walio katika wizara zinazohusika, ni nafasi gani itabaki kwa yule mama wa Mlimba na magunia yake ya mchele.