Gari la Kasi Lililonyanyuliwa: Historia Kutoka Gereji Bubu ya Singida

Gari langu liko juu ya mawe kwa wiki ya pili sasa, chini ya mwarobaini, pembezoni mwa mji wa Singida. Magurudumu ya mbele yamefunguliwa, boljointi za chini zimekwisha, na fundi anasubiri spea zinazokuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ni Toyota Altezza, gari ambalo wenzangu chuoni wanaona halimfai mtu mwenye mvi. Kila wanaponitania huwajibu kwamba ninafanya utafiti. Makala haya yanalipa deni la jibu hilo.

Altezza iliuzwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005. Ni gari dogo la milango minne, injini iko mbele na nguvu yake huenda kwenye magurudumu ya nyuma, mpangilio unaopendwa na watu wanaotaka kulihisi gari linapokata kona. Ilitolewa na injini za namna mbili, zote za lita mbili: moja ya silinda sita, tulivu, nyingine ya silinda nne, ambayo kwa gia za mkono ilifikia nguvu za farasi 210. Kwetu ilifika ikiwa mtumba, na ikawa gari la kasi la mtu asiye na fedha ya gari la kasi: mwalimu, mhasibu wa halmashauri, mfanyabiashara wa alizeti aliyepata msimu mmoja mzuri.

Jambo la kwanza ambalo mmiliki mpya hulifanya hapa ndilo lililonisukuma kuandika. Huko lilikotoka gari hili, mpenzi wake akipata fedha kidogo hubadili springi ili likae chini zaidi na liishike lami. Singida hulinyanyua. Fundi huweka spesa, yaani vipande vya mpira mgumu au chuma, juu ya springi, ili tumbo la gari lisisage matuta ya vijijini wala kugonga mawe ya barabara za mitaa. Mgeni akiliona gari la kasi lililosimama kama kuku wa kienyeji aliyeshtuka, hucheka. Mimi nimejifunza kulisoma kama hati ya historia, na historia hiyo imeanza zamani kuliko Altezza.

Mwaka 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa Mau Mau misituni. Mwaka huohuo kundi la walowezi lilianzisha mashindano ya magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yaliitwa Coronation Safari, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakabadilishwa jina kuwa East African Safari. Yalikuwa sherehe ya watawala juu ya barabara zilizojengwa kwa jasho la watawaliwa, na Waafrika wengi waliyaona wakiwa wamesimama kando ya njia, wakila vumbi. Hilo lisemwe waziwazi kabla ya kusifu chochote.

Hata hivyo, mashindano hayo yalifundisha somo ambalo waanzilishi wake huenda hawakulikusudia. Hayakuwa na uwanja. Yalikimbizwa kwenye barabara zilezile za mabasi na malori, wakati wa Pasaka, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya themanini yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, naye kwa Peugeot 404. Wazee wanaikumbuka 404: gari la familia, gari la padri, gari la bwana shamba. Iliwashinda wenye mbio kwa sababu ilifika.

Mtu ninayemrejea zaidi katika historia hii ni Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na mdogo wake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwake. Baadaye alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba. Ukisoma habari zake kwa makini utaona kwamba ushindi wa 1965 ulikuwa wa mtu anayeweza kuifungua injini yake mwenyewe. Hakuwa na kiwanda nyuma yake. Alikuwa na gari la mtumba, ndugu yake, na mikono iliyokulia gereji.

Gari la michezo hasa, lenye milango miwili na pua ndefu, lilishinda kwa mara ya kwanza baadaye kidogo: Datsun 240Z ya Edgar Herrmann mwaka 1971, kisha ya Shekhar Mehta mwaka 1973. Mehta alizaliwa Uganda. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini humo. Muda si mrefu mashindano yakajifungia ndani ya mipaka ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika. Wanafunzi wangu hujifunza kuvunjika huko kupitia shirika la reli na shirika la ndege. Wangeweza pia kujifunza kupitia ramani ya njia ya Safari.

Kwa Tanzania, miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba. Uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, fedha za kigeni zilikauka, bei ya mafuta ilipanda mara mbili katika mwongo mmoja wa 1970, kisha vikaja Vita vya Kagera. Kulikuwa na kipindi ambacho gari binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Gari lililoharibika halikuwa na mbadala, wala spea. Lilitengenezwa, au likageuka kuwa banda la kuku.

Hapo ndipo gereji bubu ilipopata ukomavu wake. Neno lenyewe lafaa kutazamwa. Twasema pia baa bubu, na maana ni ileile: haina leseni, haina kibao, haijitangazi. Lakini anayeitwa bubu hapa si asiye na la kusema. Ni yule ambaye daftari la serikali halikumsikia. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewapa mafundi hao wa Tanzania nafasi ambayo vitabu vyetu vya historia viliwanyima, akionyesha kwamba chini ya miti ile palikuwa pakizalishwa maarifa, si ubabaishaji tu. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ubabaishaji nao ulikuwapo, na bado upo. Aliyewahi kurudishiwa gari likiwa na boliti tatu zilizobaki mkononi mwa fundi hatahitaji ushahidi wa msomi.

Fundi wangu ni mzee wa Kinyiramba aliyeanza kushika spana katika miaka hiyo ya uhaba. Anasimulia jinsi bushi zilivyochongwa kutoka tairi kuukuu na gasketi zilivyokatwa kutoka karatasi ngumu. Hasimulii kwa fahari. Anasema ilikuwa shida, na kwamba vijana wanaoisifia hawakuwapo.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka. Mlango huo ukazidi kupanuka, na kufikia mwisho wa karne magari ya mtumba kutoka Japani, ambayo usukani wake uko upande unaotufaa, yalikuwa yamejaza nchi. Ndivyo gari la kasi lilivyoingia mikononi mwa watu wasiokuwa walowezi, wala wafanyabiashara wakubwa, wala vigogo. Lami nayo ikafuata: kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida na kuendelea Nzega, kisha ile ya kwenda Babati. Kijana wa Kiomboi leo anaweza kuwa na gari ambalo kwa mbio lingeiacha mbali 404 ya Shankland.

Lakini ardhi haikubadilika. Singida iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake kabla dereva hajaitia gia. Zile farasi 210 za kwenye karatasi zimekwisha kupungua ukivuka Manyoni. Upepo wa Singida haupumziki, hubeba mchanga laini unaoziba chujio la hewa kabla ya muda ulioandikwa kitabuni. Kisha kuna mlima Sekenke, njia ya kwenda Igunga. Mtu akiniuliza aanze kuboresha nini, humwambia asiguse injini. Aanze na breki: pedi nzuri, diski zisizopinda, na mafuta ya breki mapya, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu, na yakichemka kwenye mteremko kanyagio huzama hadi sakafuni. Afuatie tairi, kisha bushi na shokapu. Akibakiwa na fedha, aongeze nguvu. Wengi hufanya kinyume chake. Tumewazika baadhi yao, na malori yaliyolala bondeni Sekenke hayakukosa injini zenye nguvu.

Hapa nami nakiri. Boljointi zangu hazikufa kwa uzee. Nilitaka gari linyanyuke zaidi. Mzee alipendekeza spesa nyembamba. Akaeleza kwamba ukizidisha, mikono inayoshika gurudumu huinama kwa pembe ambayo haikutengenezewa, na mzigo wote huangukia kwenye boljointi. Nikamjibu kwa mamlaka ya mtu aliyesoma mambo hayo mtandaoni. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akafunga nene. Ilichukua miezi minne.

Nimetafakari sana juu ya ile "sawa" yake. Alikuwa na haki ya kukataa, lakini katika nchi hii mtu asiye na cheti hujifunza mapema kutobishana na mwenye navyo vingi. Magari ya serikali hayaruhusiwi kufika chini ya mwarobaini huu. Yana wakala wake rasmi. Sera ya kodi nayo hutazama umri tu: gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini, kwa hoja ya usalama na mazingira. Hoja hiyo siipuuzi. Ila hakuna mahali sera inapouliza gari hilo litatunzwa na nani, ilhali usalama wa chombo cha miaka ishirini uko katika mikono hiyo kuliko katika tarehe ya kuzaliwa kwake.

VETA inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliojifunza ufundi kazini, na ni miongoni mwa mambo machache ya sera ya ujuzi ninayoyaunga mkono bila masharti. Kijana anayemsaidia mzee ameamua kujiandikisha. Mzee mwenyewe hataki. Anasema macho yake hayasomi tena fomu ndogo, na kwamba uwanja huu wameambiwa watauhama, hivyo cheti akitundike wapi, kwenye mti?

Basi la leo limefika na mzigo haukuwamo. Kijana amenipigia kuuliza spesa, zile nyembamba, azinunue za mpira au za chuma. Nimemwambia amuulize mzee.