Mzee anaamka saa 10 alfajiri: Je, ni uzee tu au kumbukumbu iko hatarini?

Kabla ya adhana ya alfajiri kusikika Bagamoyo, bibi na babu wengi wako macho tayari. Jana yake, saa 2 usiku, walishaanza kusinzia. Nyumbani jibu huwa moja: "Uzee huo." Ni kweli, ila si kweli yote.

Nini kinabadilika?

Ubongo una saa yake inayopanga muda wa kulala na kuamka. Umri ukisogea, saa hiyo hutangulia: usingizi unakuja mapema na kuisha mapema. Pia unakuwa mwepesi, kiasi kwamba joto, mbu au haja ndogo vinatosha kumwamsha mtu. Kinachopungua zaidi ni usingizi mzito.

Kumbukumbu inaguswaje?

Kwenye usingizi mzito ndipo ubongo huyapanga mambo ya mchana na kuyahifadhi. Usingizi huo ukipungua, mambo mapya hayashiki vizuri. Ndiyo sababu moja ya mzee kusimulia harusi yake ya zamani bila kukosea, halafu akamsahau mgeni wa jana.

Utafiti wa Uingereza uliotoka 2021 ulifuatilia watu karibu 8,000 kwa miaka 25. Waliokuwa wakilala saa 6 au pungufu kwa usiku wakiwa na miaka 50 na 60 walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa takriban asilimia 30, ya kupata ugonjwa wa kusahau. Hiyo haithibitishi kwamba usingizi mfupi ndio chanzo, maana ubongo unaoanza kuugua nao huvuruga usingizi.

Kuamka mapema si ugonjwa

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima usingizi wa Wahadzabe 33 hapa Tanzania kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Wazee walilala na kuamka mapema kuliko vijana. Watafiti wanaona huenda zamani hao ndio waliokuwa walinzi wa usiku.

Usimnunulie dawa kiholela

Diazepamu, au dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zinaweza kumchanganya mzee akili na kumwangusha usiku akienda msalani. Bora aanze na haya:

- Aote jua la asubuhi na atembee kidogo.
- Mchana alale nusu saa, si zaidi.
- Chai na kahawa ziishie mchana.
- Chandarua kisiwe na matundu.

Mpeleke hospitali akiwa:

- Anapotea njia anayoijua.
- Anarudia swali lilelile muda mfupi baada ya kujibiwa.
- Anakoroma na pumzi inakatika usingizini.
- Anasinzia mchana kutwa.

Akiamka alfajiri akiwa mchangamfu na anakumbuka mambo yake, msiwe na wasiwasi. Akianza kupotea njia ya kurudi nyumbani, msiseme tena "uzee huo."