Tanga Bila Onyo: Historia Mbadala katika Mchezo wa Vita wa Mezani

Anayetaka kulihamishia mezani pambano la Tanga la Novemba 1914 hupata taabu kabla hajapanga sanamu hata moja. Wachezaji wote wawili wameshasoma kwamba Waingereza walishindwa. Anayeshika nafasi ya Jenerali Arthur Aitken hatarudia makosa ya Aitken. Atateremsha askari mapema, atauzunguka mji kwa upande wa kusini, kisha jioni atatangaza kwamba historia imebadilika. Ukweli ni kwamba mtu wa leo amevalishwa tu sare za 1914. Ninavyoona, senario ya historia mbadala huwa na thamani ya kitaaluma pale inapobadilisha uamuzi mmoja ambao wahusika wenyewe wangeweza kuufanya, ikaviacha vikwazo vyao vyote mahali pake, na ikawanyima wachezaji habari ambazo wahusika hawakuwa nazo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo waandaaji wengi hulipuuza.

Wanahistoria wana mashaka na kazi ya namna hii. E. H. Carr, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1961, aliyaweka maswali ya "ingekuwaje" katika fungu la michezo ya sebuleni. Lakini mwaka 1906 mwanasosholojia Max Weber alikuwa ameshaonyesha, kwa mfano wa vita vya Marathon, kwamba anayetaja sababu ya tukio amekwisha kudai, hata kama hakusema, kuwa pasipo sababu hiyo mambo yangekwenda vingine. Mimi namfuata Weber. Kila kitabu kinachosema Aitken aliponzwa na onyo lililotolewa kwa Wajerumani kimeshaucheza mchezo huu kichwani mwa mwandishi, bila kanuni zilizoandikwa na bila mpinzani wa kumbishia.

Basi tulitazame onyo lenyewe. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika Tanga, na nahodha wake, Caulfeild, akawaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamefutwa, akataka mji usalimishwe. Muda mwingi ukapotea kwa kungoja jibu na kutafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Mjini kulikuwa na kombania moja tu. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaanza kuvishusha vikosi vyake kutoka upande wa Moshi kwa reli ya Usambara, njia ya zaidi ya kilomita 300, na kufikia tarehe 4 alikuwa na watu wapatao 1,000 mbele ya msafara wa watu 8,000 uliotoka India. Kwa kipimo cha sanamu moja kwa watu 20, meza itabeba sanamu 400 upande mmoja na 50 upande wa pili. Ni picha inayompumbaza kila anayeitazama kwa mara ya kwanza.

Mwandaaji mwenye haraka akiliondoa onyo huziondoa na treni. Hapo amekosea. Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba barua na magazeti yaliyotekwa yalikuwa yameshamdokezea shambulio hilo. Pasipo onyo treni zingechelewa, lakini zingekuja. Kwa hiyo kila fungu la askari lipigiwe dadu ili kujua linafika zamu ya ngapi. Mengine yabaki yalivyokuwa: askari wa India waliochoshwa na majuma ya safari ya bahari, mikoko ya Ras Kasone, na nyuma yake mashamba ya mpira na mkonge yanayovunja kila mstari wa askari, na kwa upande wa Wajerumani, bunduki za mtindo wa 1871 zinazotoa moshi na kumfichua mpigaji.

Kuhusu nyuki, ambao wapenzi wa mchezo huu hawachoki kuwasimulia, nitasema machache. Makundi yao yaliwavamia Waingereza na Wahindi katikati ya mapigano, lakini Lettow-Vorbeck anasema kwamba baadhi ya bunduki zake za rashasha nazo zilinyamazishwa na nyuki haohao. Karata moja inatosha, nayo isiwe na upande.

Utajiri wa Tanga uko katika usiku wa tarehe 4. Baada ya mapigano, tarumbeta zilieleweka vibaya, na sehemu kubwa ya askari wa Lettow-Vorbeck ikarudi kambini magharibi ya mji. Kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa karibu tupu, na Aitken, akiwa na vikosi vilivyovurugika, hakujua. Hapa historia mbadala haihitaji silaha mpya wala jenerali mwenye akili zaidi; inahitaji doria moja iliyokwenda ikarudi. Lakini mchezaji aliyesoma habari hizi ataingia mjini moja kwa moja. Dawa yake ni ya zamani. Katika mchezo wa vita ambao afisa Reisswitz aliupeleka kwa makao makuu ya jeshi la Prussia mwaka 1824, mwamuzi ndiye aliyeijua hali nzima, na kila upande uliambiwa yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Basi mwamuzi apige dadu kwa siri aamue kama safari hii mji umeachwa au la. Mchezaji wa Aitken apewe doria chache, na taarifa zake nyingine ziwe za uongo. Kitabu alichosoma hakitamsaidia tena, na hofu ya Aitken itaanza kueleweka.

Limebaki suala la kuamua mshindi, ambalo kwa kawaida humalizwa kwa kuuliza nani ameushika mji. Kipimo hicho hakinitoshi. Waingereza walipoondoka tarehe 5 waliacha bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000, akiba kubwa kwa koloni la Wajerumani lililozingirwa baharini. Kwa hiyo hesabu ifungwe ufukweni, kwa kuangalia kilichopakiwa na kilichoachwa. Mji wenyewe Waingereza waliuchukua Julai 1916, na bado Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini hadi Novemba 1918, huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia.

Katika miaka hiyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi, na mezani ni nadra kuona sanamu zao. Inavutia kudhani kwamba Tanga ingeanguka mwaka 1914 wangeokoka. Nikiifuata hesabu ya risasi, sioni hivyo. Jeshi la Lettow-Vorbeck, likiwa limenyimwa akiba ile na kituo cha mwisho cha reli, lingeanza kukwepa mapambano na kuhamahama miezi mingi kabla ya 1916, na jeshi lililo mbali na reli hubeba kila kitu vichwani mwa watu. Ushindi wa Aitken ungeweza kabisa kuwaongezea wapagazi mzigo.