Mizani, kutoka forodhani Unguja hadi Vigwaza

Basi la mikoani likikaribia Vigwaza, mkoani Pwani, kondakta hutamka neno moja tu: "Mizani." Waliolala huamka, aliyesimama kwenye njia hutafuta pa kujibana, na dereva huingia kwenye foleni nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Hapo hakuna anayewaza vitanga wala mawe ya kupimia. Mizani ni mahali, kama ilivyo stendi au gati: tumefika mizani, tumekwama mizani, tumepita mizani.

Muulize mwalimu wa Kiswahili aliyeketi ndani ya basi hilohilo, atakwambia mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Kwa mhasibu, ndugu wa neno hilo ni mizania, karatasi inayoonyesha mali na madeni ya kampuni. Na aliyezaliwa mwanzoni mwa Oktoba atasema ni nyota yake.

Neno lilikuja na biashara. Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, w-z-n, wenye maana ya kupima uzito, na humo ndimo tulimopata uzani na mizani. Enzi za Seyyid Said, Unguja ilipokuwa soko kuu la karafuu na pembe za ndovu katika pwani hii, hakuna kitu kilichotazamwa kwa makini forodhani kuliko mkono wa mizani. Pembe zilipimwa kwa frasila, takriban ratili 35, yaani karibu kilo 16, na ushuru ulikatwa kwa kila frasila. Mwenye zabuni ya forodha, kwa miaka mingi, alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, na nyumba yake ya biashara ilitajirika mno.

Lakini mchumaji wa karafuu, aliyepanda mkarafuu na kushuka na pakacha, hakukutana na mizani hiyo. Kazi yake ilihesabiwa kwa pishi, na pishi ni chombo: hujazwa, husukwasukwa, kisha huongezwa kichuguu juu. Bidhaa ileile ilianza safari kwa ujazo mikononi mwa mnyonge, ikaimaliza kwa uzito mikononi mwa tajiri. Nimeitafakari sana tofauti hiyo, kwa sababu haijaisha mpaka leo.

Washairi nao walilichukua neno, na hapo ndipo lilipobadilika kuliko kwingine kote. Waarabu walikuwa na elimu ya uzani wa mashairi tangu karne ya 8, ilipoasisiwa na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia akipita soko la wafua shaba, akisikia nyundo zikigonga kwa mpangilio. Iwe kweli au iwe hadithi, inavutia kuona kwamba hata mizani ya shairi inahesabiwa kuwa imezaliwa sokoni.

Uzani wa Al-Khalil hutegemea silabi nzito na nyepesi. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Silabi zetu zinakaribia kulingana, na mkazo huangukia ile ya pili kutoka mwisho. Basi watunzi wa pwani walilipokea neno la kupima wakalifanya neno la kuhesabu. Utenzi ukawa na mizani nane katika kila kipande, kama ulivyo Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728. Shairi likawa na 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Hesabu hiyo ina uchunguzi mkali wa lugha ndani yake. M ya "mtu" husimama peke yake na kuhesabiwa, kwa hiyo "mtu" ni mizani mbili. M ya "mbuzi" imeshikamana na b, haihesabiwi, na "mbuzi" ni mizani mbili vilevile. Mtunzi asiyewahi kukanyaga darasa la isimu aliyajua hayo kwa sikio. Neno likizidi alilikata, nalo likaitwa inkisari. Likipungua alilirefusha, "enda" ikawa "enenda", nayo ikaitwa mazida.

Mtu aliyebeba maana nyingi za neno hili katika maisha yake ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wengi leo wanamjua kwa jina la uwanja wa michezo wa Arusha. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, na vina na mizani vikapata kanuni zilizoandikwa ambazo vizazi vya wanafunzi vimezisoma. Alikuwa mwanadini, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964, kabla hajaona kanuni zake zikipingwa.

Zilipingwa kweli. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na ugomvi uliofuata ulijaa magazetini na vyuoni kwa zaidi ya muongo mmoja. Nawapenda wote wawili na siwezi kumtupa mmoja. Lakini kuna jambo moja la mizani ya kimapokeo ambalo huwa halitajwi: haina mwenyewe. Kila mtu anaweza kuihesabu kwa vidole vyake, mvuvi sawa na kadhi. Forodhani haikuwa hivyo.

Dini imelijua tatizo la mwenye mizani tangu zamani. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa onyo kwa wapunjao, wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Katika kitabu cha Danieli, mfalme Belshaza anaambiwa kwamba amepimwa akaonekana amepungua. Hata angani watu waliitundika mizani. Wababeli waliiona kati ya nyota, ilhali Wagiriki mahali hapohapo waliona makucha ya Nge, na Waarabu wakaziita nyota zake mbili kwa majina ya makucha hayo.

Turudi barabarani. Mizani za barabara kuu zipo kwa sababu ya hesabu iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Malori yalizungushwa mfululizo juu ya barabara za majaribio, ikaonekana kwamba uharibifu hupanda kwa kasi kuliko uzito. Kwa kanuni iliyotokana na majaribio hayo, ekseli ikibeba mzigo mara mbili, barabara huumia takriban mara 16. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitekeleza Machi 2019. Huko Kenya, mji wa Mlolongo unaelezwa kuwa ulipewa jina hilo kutokana na msururu wa malori yaliyosubiri kupimwa.

Mizani hizo ni za kidijitali. Shambani mambo ni mengine. Mkulima wa viazi bado anakutana na lumbesa, gunia lililojazwa likafurika, likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, kisha likalipwa kama gunia moja. Sheria inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umeipigia kelele lumbesa mwaka hadi mwaka. Hata hivyo mnunuzi huja na magunia, mizani haji nayo.

Mara nyingi lumbesa hupimwa kwa mara ya kwanza ikiwa juu ya lori, kwenye mizani ya barabarani, na kinachotafutwa pale ni mzigo wa ekseli. Lami imeshalindwa. Mkulima keshalipwa, kwa gunia moja.