Bawabu wa Jeni: Safari ya Miaka 25 ya Kumtafuta

Mstari wa mchoro ulipanda, ukalala bapa, kisha ukapanda tena. Jacques Monod alikuwa amewapa bakteria wa Escherichia coli, wale wanaoishi utumboni mwetu, sukari mbili kwa pamoja: glukosi na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Alipima ukungu wa mchuzi waliomo, maana kadiri bakteria wanavyozaana ndivyo mchuzi unavyozidi kuwa na ukungu. Wakamaliza glukosi kwanza, wakatulia, kisha ndipo wakaigeukia laktosi. Aliyaeleza hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani.

Bakteria hana macho wala ubongo. Basi hujuaje wakati wa kubadili chakula?

Ili kuila laktosi anahitaji kimeng'enya cha kuikata. Laktosi isipokuwepo, kimeng'enya hicho karibu hakitengenezwi kabisa. Ikipatikana bila glukosi, hutengenezwa kwa wingi unaokaribia mara 1,000. Jeni yake imo ndani ya seli siku zote. Wengi walidhani sukari ndiyo inayoiamsha.

Aliyekuja kushirikiana na Monod katika Taasisi ya Pasteur ni François Jacob. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyetaka kuwa mpasuaji, lakini alijiunga na jeshi la Wafaransa Huru na kujeruhiwa vibaya Normandy mwaka 1944. Ndoto ya upasuaji ikaishia hapo. Mwaka 1950 akapokelewa katika maabara ya André Lwoff.

Mwaka 1957 akaja Arthur Pardee kutoka Marekani, na watatu hao wakafanya jaribio lililogeuza mambo. Bakteria wa kiume humpitishia wa kike jeni zake. Wakachagua wa kike ambao jeni zao za laktosi zilikuwa zimeharibika, wakaingiziwa jeni nzima, pasipo sukari yoyote. Kimeng'enya kikaanza kutengenezwa dakika chache tu baadaye! Kisha, baada ya zaidi ya saa moja, uzalishaji ukakoma. Wakitiwa kichocheo kinachofanana na sukari, uliendelea.

Maana yake ilikuwa wazi. Jeni haikuhitaji kuamshwa. Iko tayari kufanya kazi, ila kuna bawabu anayeizuia. Jeni ya bawabu nayo iliingia pamoja na zile nyingine, na ilihitaji muda kumjaza ndani ya seli. Sukari kazi yake ni kumwondoa mlangoni.

Mwaka 1958, akiwa sinema na mkewe, Jacob alitambua kwamba bawabu huyo hushika DNA yenyewe. Mwaka 1961 yeye na Monod wakachapisha nadharia nzima, na mwaka 1965 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Lwoff. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa amemkamata bawabu mwenyewe. Wao walikuwa wamedhani huenda ni RNA.

Kazi ilikuwa ngumu kwa kuwa seli moja ina takriban molekuli 10 tu za bawabu. Huko Harvard, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill walitia utomvu wa bakteria ndani ya mfuko wa utando, wakauzamisha katika kichocheo chenye mnururisho, wakaangalia ni kitu gani kinachokishikilia. Mwaka 1966 wakampata: ni protini.

Protini ile ina vipande vinne vilivyoungana. Hukalia sehemu fupi ya DNA mwanzoni mwa jeni, na kimeng'enya cha kunakili jeni hukosa njia. Laktosi ikiingia, sehemu yake hugeuzwa kuwa alolaktosi, ambayo hunata kwenye protini. Protini hubadilika umbo, huachia DNA, na unakili huanza.

Leo ile sehemu bapa ya mchoro wa Monod inasomeka. Haikuwa usingizi. Ni muda ambao mabawabu walikuwa wakiondoka milangoni, na seli ikijitengenezea zana za kula maziwa.