Kebracho: Jina Moja, Miti Miwili

Jina kebracho limetokana na maneno mawili ya Kihispania, moja la kuvunja na la pili la shoka. Wakoloni waliofika nyanda za Chaco, Amerika ya Kusini, waliita hivyo miti iliyoshinda vyuma vyao, wakatofautisha kwa rangi tu: mwekundu na mweupe. Lakini miti hiyo haina undugu. Mwekundu ni wa jamaa ya mwembe na mkorosho. Mweupe ni wa jamaa ya mbungo, ule mtambaazi ambao utomvu wake uliwatesa Wakongo zama za Leopold II.

Matumizi nayo yalitofautiana. Magome ya mweupe yalitibu homa, na mwaka 1879 tabibu Mjerumani Franz Penzoldt aliyatangaza kuwa dawa ya kukosa pumzi. Jina likawaponza wengi, kwa kuwa wafanyabiashara walichanganya bidhaa za miti hiyo miwili, na mgonjwa hakujua anywacho. Wakemia nao walitoa katika magome hayo dutu waliyoiita kebrachini. Baadaye ikabainika kuwa ndiyo yohimbini, ambayo Spiegel aliipata mwaka 1896 katika magome ya mti wa misitu ya Afrika ya Kati. Safari hii kitu kimoja kilibeba majina mawili.

Utajiri, hata hivyo, ulikuwa katika mti mwekundu. Kiini chake, kizito hata huzama majini, kina tanini kiasi cha asilimia 20, nayo hudabaghi ngozi upesi. Kampuni ya Forestal, iliyoundwa London mwaka 1906, ilimiliki misitu mikubwa, reli na viwanda katika jimbo la Santa Fe, Argentina. Wakata miti walilipwa kwa vibao vilivyopokewa katika maduka ya kampuni tu. Migomo ya 1919 hadi 1921 ilizimwa kwa risasi, na wengi waliuawa. Kisha kampuni ikahamishia mtaji wake Natal na Kenya, kwenye mti wa Australia ambao magome yake huvunwa usipite miaka 10 hivi. Kebracho hutaka karne nzima. Hesabu ya wenye hisa haikuwa ngumu. Viwanda vya Santa Fe vilifungwa kimoja kimoja, na vijiji vilivyovitegemea vikabaki bila kazi wala msitu. Mti mgeni ulipata kiwanda Eldoret, nao Waswahili wakauita mwati.