Akili mnemba na pengo la kumbukumbu za mvua katika Maziwa Makuu

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika, miteremko ya milima ikaporomokea nyumba, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Tarehe 4 Mei, mafuriko yaliikumba Kalehe, upande wa pili wa Ziwa Kivu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuwaua zaidi ya watu 400.

Je, mvua ya aina hiyo itarudi mara ngapi katika miaka ijayo, na inaweza kutambuliwa siku ngapi kabla? Watafiti wa tabianchi wanazidi kulielekeza swali hilo kwa akili mnemba. Jina lenyewe bado halijatulia, na sisi tunaotafsiri habari tunalijua hilo vyema: wako wanaosema akili unde, na wako wanaosema akili bandia. Kwa vyovyote vile, maana ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na kumbukumbu nyingi za yaliyopita, badala ya kuelekezwa hatua kwa hatua.

Rwanda ndani ya miraba mitatu

Kwa miongo kadhaa tabianchi imechunguzwa kwa modeli, yaani mahesabu ya fizikia yanayofuatilia joto, upepo na unyevu. Kompyuta huigawa dunia katika miraba na kukokotoa hali ya kila mmoja. Katika modeli nyingi za dunia nzima, upande wa mraba hukaribia kilomita 100. Rwanda, yenye kilomita za mraba 26,338, haitoshi hata kujaza miraba mitatu. Kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, na ufuo wa Ziwa Kivu, ulio chini yake kwa takriban mita 3,000, vinaweza kupewa kiwango kimoja cha mvua. Mkulima wa viazi wa Musanze na mvuvi wa Rubavu wanajua kwamba sivyo.

Wingu la mvua ni dogo kuliko mraba huo, kwa hiyo modeli hulikadiria tu. Hapo ndipo akili mnemba ilipopata nafasi. NeuralGCM, iliyoelezwa katika jarida la Nature mwaka 2024 na watafiti wa Google na wenzao, huiachia fizikia mienendo mikubwa ya hewa, na sehemu iliyojifunza hukadiria yanayotokea ndani ya mraba. GraphCast ya Google DeepMind, iliyochapishwa mwaka 2023, haikokotoi milinganyo ya fizikia kabisa. Ilijifunza kutokana na miaka 39 ya kumbukumbu, nayo hutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, kilianza Februari 2025 kutumia mfumo wake wa namna hiyo katika kazi ya kila siku, sambamba na ule wa fizikia.

Namba ambazo hazikupimwa

Mifumo hiyo kwa kiasi kikubwa imejifunza kutokana na hazina moja, iitwayo ERA5. Hiyo ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima, saa kwa saa, tangu mwaka 1940. Haikutokana na vipimo peke yake: vipimo vya vituo, meli, ndege na setilaiti huunganishwa na modeli ya fizikia, na pale ambapo hakuna kipimo, modeli hujaza.

Rwanda inaonyesha uzito wa jambo hilo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtandao wa vituo vya hali ya hewa ulisambaratika. Ilichukua takriban miaka 15 kuurejesha, na katika kipindi hicho vituo vichache tu vilipima mvua. Lakini ukifungua ERA5 hutaona ukurasa mtupu. Utaona namba kwa kila saa ya kila siku, mfululizo, kana kwamba kulikuwa na mtu aliyesimama kwenye kipima mvua. Mashine inayojifunza haitofautishi namba iliyopimwa na iliyokadiriwa. Zote kwake ni yaliyotokea.

Setilaiti haziondoi tatizo hilo. Haziioni mvua ikigusa ardhi. Nyingi hukisia kwa kupima ubaridi wa vilele vya mawingu, ilhali katika milima yetu mvua nyingi hutoka katika mawingu mafupi yasiyofika kwenye baridi kali. Makadirio hayo huhitaji kusahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini, na tunarudi palepale.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, pamoja na idara ya hali ya hewa ya Rwanda, walilijaza pengo la 1994 kwa kuchanganya vipimo vilivyosalia na makadirio ya setilaiti, kwa mpango uitwao ENACTS. Kazi hiyo ilifanywa kwa takwimu za kawaida, bila akili mnemba. Kwa maoni ya mwandishi huyu, bado ni miongoni mwa kazi zenye manufaa makubwa zaidi kwa utafiti wa tabianchi katika eneo hili, ingawa haikutajwa sana katika vyombo vya habari.

Mvua ambayo haijawahi kunyesha

Lipo pia suala la wakati ujao. Mvua za masika za Afrika Mashariki zilipungua kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2010, wakati modeli nyingi zinasema eneo hili litapata mvua zaidi. Wanasayansi wanauita mgongano huo kitendawili cha Afrika Mashariki, na bado hakijateguliwa. Programu iliyofundishwa kwa yaliyopita itaelekea wapi?

Dokezo moja limetoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzao. Waliondoa vimbunga vikali katika masomo ya mashine, kisha wakaipa dalili za kimbunga kikali. Ilikipima chini ya nguvu yake. Hata hivyo, ilipoachiwa vimbunga vikali vya bahari moja, iliweza kuvitambua vya bahari nyingine. Maana yake ni kwamba kumbukumbu za wengine zinaweza kutusaidia, mradi yanayofanana na yetu yamewahi kutokea na kupimwa mahali fulani.

Kinachofanyika Ngong

Huko Ngong, karibu na Nairobi, kituo cha tabianchi cha IGAD, ICPAC, kinahudumia nchi 11, zikiwemo Rwanda, Burundi, Uganda na Tanzania. Kongo haimo katika orodha hiyo, ingawa mawingu ya Ziwa Kivu hayaombi viza. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ICPAC imeleta mfumo unaosahihisha utabiri wa mvua wa ECMWF kwa ajili ya Kenya na Ethiopia.

Ndani yake zimo programu mbili zinazoshindana, mithili ya mghushi wa noti na mkaguzi wa benki. Ya kwanza huchora ramani ya mvua. Ya pili hujaribu kubaini kama ramani hiyo ni ya kweli au ya kubuni. Mghushi hujifunza hadi mkaguzi anashindwa kumkamata. Mfumo huchora ramani nyingi za siku ileile, na kutokana nazo mtabiri hueleza uwezekano wa mvua kubwa kwa asilimia. Hauhitaji zile kompyuta kubwa ambazo nchi nyingi za ukanda huu hazina.

Ramani zilizoufundisha, hata hivyo, zilitoka katika makadirio ya setilaiti. Ndiyo maana mradi wa TAHMO, unaofunga vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule za Afrika, unahusika na habari hii kama zinavyohusika maabara za Ulaya na Marekani. Kituo kimoja katika uwanja wa shule huandika mvua iliyoanguka hapo, na kwa siku hiyo, kwa kilima hicho, hakuna anayelazimika kukisia.